Nyumba ya Futi Sita na Gunia la Viazi

Nyumba yangu ina upana wa futi sita na inchi tatu. Nimeipima mara nyingi kuliko nyumba yoyote inavyostahili kupimwa, kila mara nimepata jibu lile lile, na bado nikiiona futikamba mezani mkono wangu unaichukua. Urefu ni futi kumi na nane. Nyumba imekaa juu ya tela la magurudumu manne, na tela linavutwa na trekta la marehemu baba. Nikiwa na kazi Goweko, nyumba iko Goweko. Nikiitwa Lusu, kule Nzega, nafungasha vikombe, naondoa mawe kwenye matairi, na nyumba inakwenda Lusu kwa mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka.

Kazi yangu ni kulimia watu mashamba kwa kukodi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala kwa watu, leo chumba cha mabinti, kesho stoo ya tumbaku, na kila asubuhi nilijikuta naomba radhi kwa kuwepo. Ndipo nikaamua kutembea na chumba changu. Nilikijenga chembamba kwa sababu njia ninazopita ni za mikokoteni ya ng'ombe, na miti ya miyombo haimpishi mtu.

Hakuna aliyenifundisha. Baba alipofariki, trekta lilikaa nyuma ya nyumba yetu ya Tabora miaka minne, kuku wakitaga kwenye kiti chake. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, kwa kitabu cha trekta ambacho mchwa walikuwa wamekula kurasa za mfumo wa umeme, na kwa kuharibu. Niliharibu sana. Lakini siku lilipowaka, majirani walitoka nje, na tangu siku hiyo hakuna fundi aliyelifungua trekta lile zaidi yangu. Nasema hivyo bila aibu. Nikilisikia likikohoa najua ni nozo ipi ya dizeli.

Aibu yangu iko kwa watu. Mashine ikiharibika inakupa dalili, lakini mtu anaweza kukuharibikia huku anatabasamu na kusema hapana, niko sawa. Kwa hiyo nimejizoeza kujiandaa kupita kiasi. Kila ninapoegesha, naweka pima maji sakafuni, mbele na nyuma, kulia na kushoto, napiga jeki na kupanga mawe hadi kiputo cha hewa kisimame katikati kabisa. Nina vikombe sita kwenye misumari sita. Kitanda kinakunjwa kuwa kiti, meza inakunjwa kuwa ukuta. Sufuria zinaingia moja ndani ya nyingine, na ukiingiza vibaya, droo haifungi. Nimewahi kumwomba mgeni atoke nje ili nifunge droo.

Sasa mama. Mama ndiye mwenye trekta, kwa karatasi na kwa haki. Mwaka huu alinipigia simu mwezi wa tisa akaniambia amepata mnunuzi, mkulima wa tumbaku wa Goweko.

"Fedha yake nikujengee vyumba viwili pale kiwanjani," alisema. "Nataka uwe na mlango usiohama."

"Mama, mimi nina mlango."

"Mlango gani huo, leo uko huku, kesho uko kule? Nikiugua nitamtuma mtu akugongee wapi?"

Nikamwambia kabla hajaamua aje aone. Asafiri nami siku moja, kutoka Kwihara ninapoegesha kiangazi hadi Goweko kwenye kazi yangu ya kwanza ya msimu. Akasema atakuja na shangazi, na kwamba mnunuzi atatusubiri huko huko Goweko. Akiridhika na nilivyo, atamwambia haliuzwi. Asiporidhika, nitashuka kwenye trekta palepale na yule bwana atalipanda.

Nilikuwa na wiki mbili. Nilipaka rangi upya fremu za madirisha, nikazipaka tena kwa sababu upande mmoja ulikuwa na alama ya brashi. Nilimwita rafiki yangu mchomeleaji kutoka mjini aje akague kila kiungo cha chesisi. Yeye ndiye aliyeunda fremu ya nyumba yangu, mtu mzima mwenye mke na mabinti watatu, mtulivu, na hajawahi kunicheka hata nilipomrudisha mara nne kwa pengo la upana wa ukucha. Halafu, jioni moja, nikaandika ujumbe kwenye kundi la familia, nikamtumia na huyo fundi wangu.

Naunakili hapa kwa sababu bado unanichoma. "Kila mgeni aje na begi moja dogo. Viatu vivuliwe kwenye ngazi. Tusisimame wawili upande mmoja gari likiwa kwenye mwendo. Ukitaka nisimame, vuta kamba ya kengele mara moja, na kwa hatari mara mbili. Na tafadhali sana, msibebe zawadi wala chakula, hakuna pa kuweka. Kila kitu kipo."

Nilisoma mara tano kuhakikisha hakuna kosa. Sikuliona. Shangazi alijibu kwa picha ya kidole gumba. Mama hakujibu.

Walifika Kwihara asubuhi kwa bajaji. Mwezi wa kumi ndio mwezi ninaoupenda kuliko yote, ule ambao mvua bado haijaja lakini miyombo imeshaanza kutoa majani mapya, mekundu kama shaba, pori zima linaonekana limekaa karibu na moto. Nilisimama kwenye ngazi yangu na fulana safi. Nilijiona hodari. Bajaji ikasimama, shangazi akashuka kwanza, akanyoosha mikono yote miwili hewani, viganja wazi, kama mtu anayepekuliwa.

"Tumekuja kama ulivyoagiza, mheshimiwa!" alisema. "Hata njugu mfukoni sina. Kagua."

Nikacheka. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ndiyo hii? Hii ni nyumba au kabati la mtu tajiri?"

Mama alishuka na mkoba mdogo wa mkononi, ule anaokwenda nao benki. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akavua viatu kwenye ngazi, akavipanga sawasawa, akaingia. Nilimwonyesha pa kukaa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mkoba magotini.

"Pazuri," alisema.

"Chai, mama?"

"Ahsante. Kama ipo."

Kama ipo! Mama yangu, ambaye akiingia kwa jirani anafunua sufuria kabla hajasalimia. Nilimpa chai. Alipomaliza hakuinuka kusuuza kikombe, alikiweka mezani akasema ahsante tena. Shangazi alikuwa anachungulia chooni na kupiga kelele za mshangao, lakini mama alikaa vile vile, kama mtu aliyeitwa ofisini na hajui kosa lake.

Fundi wangu, yule mchomeleaji, alikuwa chini, anakaza pini ya tela. Nikamfuata.

"Kuna nini?" nikamuuliza. "Umeona alivyokaa?"

Akajifuta mikono. Kando yake palikuwa na kifurushi cha karatasi, kashata za mke wake. Amekuja nacho licha ya ujumbe wangu. "Mke wangu masharti yako hakuyaelewa," alisema, "na mimi sikumwelewesha. Ulimwandikia mama yako asije na kitu?"

"Niliwaandikia wote. Hakuna nafasi."

"Mm." Akakaza pini. "Mimi kwetu, mzazi akienda mara ya kwanza kwenye nyumba ya mwanawe mkono mtupu, maana yake amekwenda msibani au polisi."

Nikasimama na spana mkononi. Nilikumbuka mama alivyokwenda kwa kaka yangu alipohamia kwake: ungo mpya, debe la unga, jogoo, na kinu alichokibebesha watu wawili. Hakuomba ruhusa. Alivipanga mwenyewe jikoni, akamwambia wifi yangu hiki kinakaa hapa, na wifi akanung'unika wiki nzima, na kuanzia hapo ile ikawa nyumba. Mimi nilimwambia mama kwa maandishi, mbele ya ukoo mzima, kwamba kwangu hakuna pa kuweka kitu chake.

Mtu mwingine angepanda ngazi akasema, mama, nisamehe. Mimi nilikagua upepo wa matairi. Nilikagua yote, ya tela na ya trekta, na yalikuwa sawa, kisha nikawasha injini na tukaondoka.

Ninapoendesha siwezi kusikia kinachosemwa ndani, ndiyo maana nimefunga kengele ya ng'ombe nyuma ya kiti changu na kamba yake inapita hadi kando ya mlango wa nyumba. Nilikuwa nageuka kila baada ya muda. Shangazi na fundi walikuwa wamekaa kibarazani nyuma, naona kanga ya shangazi ikipepea nje ya ukuta. Mama naye nilimwona kupitia kidirisha cha mbele, amekaa kwenye ukingo ule ule. Hakushika kitu. Nyumba ikipita kwenye shimo, alikuwa anayumba pamoja na mkoba wake bila kujishikilia ukutani, kana kwamba ukuta una mwenyewe.

Njia ile ni ya zamani, ndiyo iliyopitiwa na misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani, na miembe ya wakati ule bado imesimama kwa vipande, mikubwa na mizee, ikikuonyesha njia ilikuwa wapi kabla barabara haijahama. Huwa napita hapo nikiwa mwenye furaha. Siku hiyo nilikuwa nawaza kulegeza bomba la dizeli. Naandika hili kwa sababu nimeahidi nafsi yangu kuandika yote. Nilijua nati moja ambayo ukiilegeza robo mzunguko, hewa inaingia, na trekta halitawaka mbele ya mnunuzi hata apige stata mpaka betri ife. Kuitengeneza ni dakika kumi. Hakuna mwingine ambaye angejua. Niliiwaza ile nati kwa muda mrefu.

Karibu na saa nne nilimwona mama mmoja kando ya njia. Ni mjane ambaye shamba lake nililima msimu uliopita, mchangamfu, sauti yake inavuka bonde. Alikuwa amesimama na gunia la viazi lililojaa nusu, na jogoo kwapani. Nilijua anachotaka. Kila msimu, watu niliowalimia wananisimamisha wanipe kitu, na kila mara ninajibu jambo moja. Nikampungia mkono kwa heshima zote, nikapaza sauti, "Nitapita nikirudi, mama!" nikaongeza gesi kidogo.

Kengele ikalia. Mara moja, kwa nguvu, hadi ikagonga kiti.

Nikafunga breki nikidhani mtu ameanguka. Niliporuka chini, mlango wa nyumba ulikuwa wazi na mama alikuwa anashuka ngazi peku, kamba ya kengele bado inatikisika nyuma yake.

"Mbona unampita mtu?" aliniuliza.

"Nilimwambia nitapita nikirudi."

"Unarudi lini?"

Huwa narudi kwa njia nyingine.

Yule mjane alikuwa ameshatufikia, anahema. "Mwangaluka, mayo," alimsalimia mama kwa Kinyamwezi, na wakasalimiana yote, nyumba, mifugo, afya, mvua. Kisha akanigeukia na kidole. "Huyu dereva wenu ana maringo! Mwaka jana nimemletea karanga, ananiambia hana pa kuweka. Nikasema, ala, kumbe siku zile tatu tulimlisha vibaya."

"Sivyo, mama, ni kwamba nyumba..."

"Nyumba yenyewe haiwezi kubeba karanga?"

Kibarazani shangazi alishika kichwa. "Jamani! Babu zake walibeba pembe kichwani kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu! Mjukuu ana trekta, ameshindwa na karanga!"

Fundi aligeuka kutazama miti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama hakucheka. Aliinama kidogo akapokea gunia kwa mikono miwili, ingawa lilikuwa zito na vidole vyake vina baridi yabisi. "Wabeja," alishukuru. "Wabeja sana, mayo. Amelima vizuri lakini? Usinifiche, mimi ndiye mama yake."

"Huyu?" Yule mjane akamkabidhi shangazi jogoo. "Huyu alirudia mistari miwili ambayo mimi sikuona kasoro yake. Nikamwambia inatosha, mwanangu, mahindi hayana macho. Akasema mimi ninayo. Watu wa huku tunamngoja yeye. Wengine wakija tunawaambia tumeshapata."

Mama alinitazama juu ya lile gunia. Sijui niseme ulikuwa mtazamo wa namna gani. Alikuwa ananitazama kama anavyoitazama noti kubwa kwenye mwanga.

Kisha akapanda ngazi na gunia lake, na kuanzia hapo nyumba haikuwa yangu peke yangu tena. Nilimfuata hadi mlangoni. Alifungua droo moja, akaifunga. Alifungua ya sufuria, akazitoa zote, akazichungulia, akaziweka kitandani. Alichungulia chini ya kitanda, mahali ambapo kuna sanduku la vifaa upande mmoja na upande wa pili uwazi wa upana wa viganja viwili, ninaouacha ili pima maji yangu ilale bila kugongwa.

"Hiki kifimbo cha kioo ni nini?"

"Pima maji. Inaonyesha kama nyumba imekaa sawa."

"Na usipokuwa nayo hujui?"

Akaitoa, akaisukumia nyuma ya mlango, akaanza kumimina viazi mahali pake, kimoja kimoja, kwa mkono. Vumbi jekundu likaenea kwenye sakafu niliyoipiga deki alfajiri. Viazi vilivyobaki akaviweka ndani ya sufuria zangu, kubwa hadi ndogo, na sufuria haziingiliani zikiwa na viazi, kwa hiyo akazipanga mstari mmoja pembeni ya ukuta. Jogoo akafungwa mguu kibarazani. Mikono yangu ilikuwa inataka kufanya kitu. Niliitia mifukoni.

"Mama," nilisema. "Ule ujumbe. Nilikosea."

"Ulikosea," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa nimeshakuwekea ungo na michembe ya viazi vikavu kilo kumi. Nikavirudisha stoo. Nikamwambia wifi yako, huyu hatutaki." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Haya, endesha. Kuna watu wanasubiri."

Hakusema kama ni mnunuzi au ni watu wengine. Sijui habari inatembeaje kwenye pori lile, lakini hadi tunafika Goweko kengele ililia mara nne zaidi. Boga. Kibuyu cha asali kilichozibwa kwa nta. Mafungu mawili ya mchicha kutoka kwa mzee mmoja ambaye shamba lake sikuwahi kulima, alisema ni ya kunikumbusha nimweke kwenye foleni ya kulimiwa. Kiti cha miguu mitatu cha mninga, kimechongwa kwa mti mmoja, kutoka kwa fundi seremala ambaye niliwahi kumvutia magogo. Kila mara mama alikuwa wa kwanza kushuka. Mara ya tatu alikuwa ameshazoea kamba, anaivuta kama mtu anayeng'oa nyasi, na mimi nikasimama bila kushtuka. Shangazi aliniambia baadaye kwamba mama alikuwa amekaa dirishani muda wote, anawatafuta watu barabarani kama mvuvi, na akiona mtu amesimama na mikono mitupu ananung'unika.

Tulipaswa kufika saa sita. Tulifika saa kumi na moja jioni. Mnunuzi alikuwa ametusubiri kwa subira ambayo mimi nisingekuwa nayo, mtu mpole mwenye kofia ya majani. Alimwamkia mama, akawasalimu wengine, akalizunguka trekta mara mbili. Mimi nilishuka. Nilisimama kando ya gurudumu la nyuma, na ile nati ilikuwa sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu wa kulia.

"Nani analijua hili?" aliuliza.

"Mwanangu," mama alisema. "Muulize yeye. Hata lile ambalo mimi silijui, yeye analijua."

Bwana yule akanigeukia. "Lina tatizo gani, binti? Niambie ukweli tu."

Nilikuwa na orodha ya uongo tayari. Ningesema gia imechoka, injini inakula oili, baada ya msimu mmoja itataka pistoni mpya, na angeniamini. Lakini nililitazama trekta nikaona siwezi kulisingizia. Nimelitoa kwenye mavi ya kuku kwa mikono yangu. "Sili ya nyuma inavuja tone moja kwa siku," nilisema. "Gia ya tatu unabonyeza klachi mara mbili ndiyo inaingia. Betri ni ya mwaka huu. Vinginevyo halina ugonjwa. Litalima miaka kumi kama mtu atalibadilishia oili kwa wakati."

"Liwashe."

Nikaliwasha. Liliwaka kwa stata ya kwanza, kwa sauti nzuri kuliko siku zote, nusura nilie.

Bwana yule akatabasamu, akamgeukia mama. "Mama, mimi nimeridhika. Tunaweza kulitenganisha na tela hata sasa hivi."

Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nyumba, peku, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Ile fremu niliyoipaka rangi mara mbili. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la viazi na alama zake zote zilikuwa zimebaki pale.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nimekupotezea siku. Halitatengana."

"Mama, tulishasemezana..."

"Tulisemezana, na mimi ndiye niliyevunja, lawama ni yangu. Lakini humu ndani mna viazi vyangu, mna asali yangu, na kuna watu huko njiani nimewaahidi atawalimia. Nitawaambia nini?" Akasogea pembeni ya mlango. "Karibu ndani ule kwanza. Usiondoke na njaa kwangu."

Kwangu, alisema. Shangazi aliyekuwa kibarazani na jogoo alitoa kigelegele kifupi, kisha akamwambia fundi, "Haya, mtu wa mjini, njoo uchinje wewe ili wote tule."

Mnunuzi alikuwa muungwana. Hakufurahi, ilikuwa dhahiri, lakini alivua viatu akaingia. Tulikula wote watano ndani ya futi zile sita na inchi tatu, magoti yakigusana, ugali katikati. Viazi vilichemshwa pia. Nilikuwa sijaegesha vizuri. Nyumba ilikuwa imeinama upande wa jikoni, mchuzi umekusanyika ukingo mmoja wa bakuli, na pima maji ilikuwa nyuma ya mlango, imezibwa na boga. Niliitazama. Mama akaniona nikiitazama.

"Kula," alisema.

"Washenga wakija kuposa," shangazi aliuliza na mdomo umejaa, "watauliza wapi hapa? Watafuata alama za matairi?"

"Wavute kengele," mama akasema.

Mnunuzi ndiye aliyecheka kwanza. Alipoondoka alichukua namba yangu ya simu. Shamba lake liko kwenye foleni sasa, baada ya lile la mzee wa mchicha.

Kesho yake niliwasindikiza mama na shangazi kituoni kupanda treni ya kurudi Tabora. Mama alinipa mkono, akanishikilia. Hakunisifu, na mimi sikungoja. Alisema tu kwamba kibuyu kisikae juani, na kwamba pazia la upande wa kulia ni fupi kidogo kuliko la kushoto. Nilikuwa nadhani hakuna mwingine anayeona. Ni kweli, ni nusu inchi.

Vile vyumba viwili havijajengwa. Sijui kama vitajengwa. Mvua zimeanza, ninalima kutoka asubuhi, na miyombo imekuwa ya kijani kama haikuwahi kuwa na rangi nyingine. Nyumba haijawahi kuwa sawa tangu siku ile. Droo ya sufuria haifungi, nimeifunga kwa kamba. Kila nikipiga kona, kiazi kimoja kinabingirika mahali fulani chini ya kitanda, na sijakipata.

Wiki iliyopita mama aliandika kwenye kundi la familia, ujumbe wa kwanza kunijibu tangu ule wangu wa masharti. "Mwezi wa pili nakuja na kinu. Pima."

Nimepima. Kinu cha mama, kwa vipimo alivyonitumia wifi, kina upana wa futi moja na inchi nne mdomoni, na njia kati ya kitanda na jiko ni futi moja na inchi mbili. Nimepima mara tatu. Jana nimemwita fundi wangu kwa simu, nikamwambia aje na msumeno, tunaondoa ukingo wa kitanda.